Ndege wa Shamba la Mkwe

Vijana wangu mnaonijia na vikamera vyenu vya kutia mfukoni, shikamoo zenu nimezipokea, sasa kaeni tusemezane. Kila mara mnaniuliza swali lilelile: mzee, kamera gani inafaa kwa ndege? Mnanichosha. Ndege hajali kamera. Anachojali ni kwamba umekuja na shati jeupe, umekohoa, umewasha sigara, halafu umekaa mahali ambapo jana hapakuwa na kitu. Mimi nilibeba kamera ya mbao yenye miguu mitatu tangu wakati wa Mjerumani mpaka magoti yakakataa, na picha za ndege zilizonitoka vizuri naweza kuzitandaza zote juu ya kigoda kimoja zikaenea.

Waliosema mvumilivu hula mbivu hawakuwahi kupiga picha ya ndege. Mvumilivu hulala kifudifudi kwenye nyasi, siafu wanamwingia kwenye suruali, na anayekula mbivu ni ndege.

Kazi hii nilifundishwa na Mjerumani mmoja wa misheni, seremala, tuliyemwita Bruda Kasiani. Hilo ni jina la mbele yake. Nyuma yake watu wote wa Songea walimwita Bwana Tulia, kwa kuwa siku nzima alikuwa anawaomba ndege watulie. Alikuwa anajua kutengeneza mlango, dirisha, hata jeneza ambalo marehemu mwenyewe angelisifia, lakini roho yake ilikuwa kwa ndege. Tena si ndege wa mbali. Alisema ndege wa porini wana watu wao wa kuwafuata, yeye anataka wanaokaa na sisi: wa kwenye paa, wa kisimani, wa kwenye mashamba. Nami nilidhani hiyo ndiyo kazi rahisi. Nilikuwa nimeajiriwa kubeba mbao.

Ndege wetu wa kwanza alikuwa kunguru, yule mwenye ukosi mweupe. Alikuwa anakaa juu ya karakana ya Bruda kila asubuhi kama mlinzi. Kamera zile, ili picha iingie, unavua kifuniko cha shaba mbele ya jicho lake, unahesabu polepole, unarudisha kifuniko. Bruda akavua, akaniwekea kifuniko mkononi, akaingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi cha kufunikia kamera aone kama kila kitu kimekaa sawa. Mimi nikakiweka kifuniko juu ya gogo nijikune. Kunguru akashuka, akakichukua, akaenda nacho. Bruda akatoa kichwa, akanyoosha mkono apewe kifuniko. Nikamwonyesha angani. Kwa muda mrefu tulifunika kamera ya Ulaya kwa kipande cha kibuyu.

Baadaye aliletewa kamera yenye mrija wa mpira. Mnaona mnavyobahatika? Ninyi mnabonyeza kwa kidole. Sisi tuliitega kamera karibu na kiota au suke, tukauvuta mrija chini ya majani mpaka kwenye kibanda cha nyasi tulimojificha, na mwisho wa mrija kulikuwa na kipira. Ukikibinya, hewa inakimbia, kamera inafumba na kufumbua. Ukikibinya kwa woga, hewa inaishia njiani na ndege anakutazama tu. Nilizoea kukamua ng'ombe, hivyo nilikuwa na mkono mzuri, na ndiyo sababu Bruda akanitoa kwenye mbao.

Sikilizeni basi mambo ya maana, maana najua mkitoka hapa mtayasahau. Kibanda kisijengwe siku ya kupiga picha. Kijenge mapema, kiache, ndege wakitukane mpaka wachoke, waanze kukalia paa lake. Pili, mwingie wawili, halafu mmoja atoke akiondoka wazi, akiimba akipenda. Ndege ni mwerevu wa mambo mengi ila hajui kuhesabu. Akiona mtu ametoka, kwake kibanda ni kitupu. Tatu, mkisafisha picha, maji yachotwe mtoni alfajiri yakiwa ya baridi, yachujwe kwa kitambaa. Maji ya mchana yana vuguvugu, na ule ute unaoshika picha, uliopakwa kwenye kioo cha kamera, unateleza wote, ndege wako anaondoka mara ya pili, safari hii kupitia kwenye beseni. Na vioo visianikwe chini. Ute ule ni chakula. Nimewahi kurudi kutoka misa nikakuta sisimizi wamemla njiwa mzima, wakabakisha tawi.

Na rangi nyekundu ndiyo ilitaka kunitia wazimu. Kuna yule ndege wa mashamba ya mtama, mwekundu mgongoni, mweusi kifuani, ambaye masika huwa anajitutumua kama bwana harusi. Bruda alimpenda kuliko wote. Tulimvizia mpaka nikaota naye. Tukampata, tukamsafisha, na kwenye karatasi akatoka mweusi tii kama kipande cha mkaa. Vioo vya wakati ule vilikuwa havioni nyekundu. Bruda alijua hivyo, ila alikuwa anatumaini. Kila mara alisema safari hii jua ni zuri, pengine ataonekana. Namwambia, Bruda, hata jua likishuka likae begani kwake, kioo hakioni. Ananijibu, tujaribu tena. Mtu anayetumaini dhidi ya kioo utamfanya nini?

Huyo mwekundu ndiye aliyetupeleka shambani kwa mama mkwe wangu, upande wa Mshangano, na hapo ndipo mambo yaliponishinda.

Lazima mjue ulikuwa mwaka gani wa maisha yetu. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha, yaani bunduki zilikuwa zimenyamaza. Maghala yalikuwa yamechomwa, mashamba yamechomwa, na watu walikuwa wanakula mizizi ambayo zamani ilikuwa chakula cha nguruwe. Baba mkwe wangu aliitwa bomani kwa Wajerumani akaenda, hakurudi, na hakuna aliyetuonyesha kaburi. Mama mkwe alikuwa amefukia kibuyu cha mbegu za mtama chini ya jiko lake, na moto wa nyumba ulipopita juu, zile mbegu zilisalimika. Alizipanda zote. Kwa hiyo kati ya vilima vile vyote vilivyogeuka majani matupu, kulikuwa na kishamba kimoja cha mtama, na kila ndege wa Songea alikuwa na habari zake.

Mtama ule ulikuwa na kazi mbili. Sehemu ilikuwa mbegu ya mwaka unaofuata. Sehemu ilikuwa pombe ya matanga ya baba mkwe. Kwetu mjane huvaa ukanda wa gome la mti kichwani, na hauvui mpaka pombe ipikwe, ndugu wanywe, marehemu amwagiwe sehemu yake na msiba ufungwe. Mwaka ule wajane walikuwa wengi na hakuna aliyekuwa na nafaka ya kufunga msiba. Mama mkwe alikuwa amekusudia kuufunga wake. Mke wangu Veronika aliniambia kwamba mama yake halali vizuri kwa kuhesabu masuke.

Basi mama mkwe alishinda juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, na kombeo mkononi, akiamia ndege tangu alfajiri. Akipiga makofi, wanaruka. Akirusha jiwe, wanaruka. Na pembeni mwa shamba hilohilo, Bruda na mimi tukajenga kibanda cha nyasi ili ndege watue.

Ninyi vijana wa leo mnakula sahani moja na wakwe zenu, mnacheka nao, sijui mnapata wapi ujasiri. Sisi mwanamume alikuwa hamtazami mama mkwe usoni wala hasemi naye. Mkikutana njiani, wewe unaingia majanini, yeye anajifunika kichwa. Jina lake hulitamki, na ndiyo maana hata leo sikuwatajia. Ukivunja heshima hiyo, unatoa kuku wa kuosha aibu. Sasa mimi nimelala kwenye nyasi, yeye yuko juu ya dungu, na kati yetu hakuna Veronika wa kupeleka neno. Mama mkwe akatafuta njia yake.

"Enyi ndege," alisema siku ya kwanza, kwa sauti ya kunifikia, "mnamwona mwanamume mzima amelala mchana kwenye nyasi, na mikono anayo?"

Nilijizuia, lakini ilinichoma. Nikajibu kupitia mlangoni mwa kibanda. "Ndege, mwambieni mwenye shamba kwamba hii ni kazi."

"Ndege, mimi sijawahi kuona kazi ya kumwangalia mwizi anavyoiba na kumwomba atulie."

"Ndege, mwambieni ni Mzungu anayetaka, si mimi."

"Ndege, hilo nalijua. Wanaotaka ni wao siku zote."

Bruda alikuwa ubavuni kwangu, jicho kwenye tundu. "Mnaongea na nani?"

"Na ndege," nikasema.

"Acheni. Mnawatisha."

Tukaendelea hivyo asubuhi nyingi. Yule mwekundu akitua, kofi linalia, anaondoka. Akitua tena, jiwe linapita. Ninakamua kipira nakamua hewa. Bruda akaanza kunisumbua nikamwambie mama yule anyamaze kidogo tu, mpaka picha iingie.

"Siwezi, Bruda. Ni mkwe wangu."

"Mkwe si ni mtu?"

"Ndiyo maana siwezi."

"Basi mwandikie."

"Hajui kusoma, Bruda. Na angejua, angekuwa anasoma maneno ya mkwe, yaleyale."

"Umebatizwa," aliniambia. "Mambo hayo yamekwisha."

Nilimwambia ubatizo ulinipata mimi, mama mkwe haujampata, na aibu ni ya watu wawili. Akapuliza pumzi puani. Nami nikapuliza yangu. Nikatoka nikaenda kumtafuta Veronika akapeleke neno, nikamkuta anachimba mizizi mbali, na tuliporudi naye jua lilikuwa limeshapanda na ndege wako vivulini. Nusu ya kazi yangu ya upigaji picha ilikuwa ni kutembea hivyo, msije mkadhani ni kubinya tu.

Veronika alipeleka neno, akaleta jibu. "Mama anasema, akinyamaza yeye, mtama utasema nini?"

Hilo Bruda hakulielewa, au alichoka kulielewa. Kesho yake akaenda mwenyewe mpaka chini ya dungu, kofia mkononi, akamwomba mama mkwe ashuke kwa asubuhi ile moja. Alisema tafadhali. Alikuwa mtu wa adabu, sitamsingizia. Lakini tafadhali ya Mjerumani mwaka ule ilikuwa na bunduki nyuma yake, hata kama mwenyewe hakuiona. Mama mkwe alikuwa ameshaona mumewe anaitwa kwa adabu hivyohivyo. Akaweka kombeo, akashuka, akakaa chini kwenye mzizi wa mti na kujifunika kaniki.

Tukaingia kibandani. Bruda akajifunika kitambaa chake cheusi mabegani, akatazama kwenye tundu, mimi nikashika kipira. Kamera ilikuwa imetegwa mbele ya masuke makubwa kuliko yote, yale ambayo mama mkwe alikuwa ameyafunga kwa majani kuyatia alama. Bruda aliyachagua kwa kuwa yalikuwa yamesimama vizuri.

Kukawa kimya, kimya ambacho shamba lile lilikuwa halijawahi kukisikia. Wakaja. Mwekundu mmoja kwanza, akatua, akajitutumua. "Ngoja," Bruda akanong'ona, "wingu." Tukangoja wingu lipite. Wakaja wengine. Wakaja wale wadogo wa makundi, wasio na rangi ya kusifia, ambao hakuna aliyekuwa anawataka, wakatua kwa mamia mpaka mabua yakainama. "Ngoja," Bruda akasema, "mwenyewe ameficha kichwa." Tukangoja atoe kichwa. Nikawa nasikia sauti ya midomo yao kwenye nafaka, sauti ndogo, kama mvua ya kwanza kwenye majani makavu.

Ndipo mama mkwe akasema, wala hakupaza sauti.

"Kuleni, ndege. Nyumba mmekula. Mwenye nyumba mmekula. Malizieni."

Bruda alikuwa anasema, "Sasa, sasa, binya," na yule mwekundu kweli alikuwa amekaa vizuri kuliko siku zote, kifua mbele, jua begani. Nilikitupa kipira. Nilitoka kwa kupasua ukuta wa kibanda, kwa kuwa mlango ulikuwa upande wa pili na sikuwa na subira ya kuuzunguka, nikaingia mtamani nikipiga makofi na kupiga kelele kama mwehu. Mama mkwe akainuka. Kaniki ikamwanguka. Tukawa tumesimama uso kwa uso, hatua chache, mimi na mama wa mke wangu, na hakuna aliyegeuka, kwa sababu ndege walikuwa wanatuzunguka na kutua upande wa pili. Yeye akakimbilia huku, mimi kule. Wakiruka kwangu wanatua kwake.

Bruda alitoka akisema Kijerumani. Sikujua maneno yote, ila nilijua si rozari. Akasimama ananitazama, akaitazama kamera yake iliyolala chini miguu juu, akatazama mabua. Kile kitambaa kilikuwa bado mabegani. Ndege wakatua karibu naye. Akakivua, akaanza kukipunga, kwanza mara moja kama mtu anayefukuza nzi, halafu kwa mikono miwili, anakimbia nacho kutoka mwisho mmoja wa shamba mpaka mwingine, kanzu inamkwaza, ndege wanatawanyika mbele yake. Kile kitambaa kiliwatisha kuliko kombeo. Sijui mpaka leo kama alituonea huruma au alitaka kuwarudisha ndege upande wenye jua. Kwa mtu kama yule unaweza kuwaza yote mawili.

Kioo cha siku ile nilikisafisha mwenyewe. Kumbe nilipopita mbele ya kamera kuingia mtamani niliukanyaga mrija, kamera ikafumbua, ndipo ikaanguka. Ikatoa mgongo wangu, na kiatu. Bruda alikitazama muda mrefu, akasema kwamba angalau mgongo umetulia. Hakunifukuza kazi. Kibanda alikibomoa mwenyewe siku hiyohiyo, na tukarudi kwa kunguru wa karakana, ambao nao nitawaeleza siku nikiwa na nguvu za kukasirika.

Mavuno yalipofika nilikwenda kusaidia kupura. Nilipiga masuke nikiwa nimewapa mgongo, mama mkwe anapepeta nyuma yangu, Veronika kati yetu anapokea na kupeleka. Tulipomaliza, mama mkwe alijaza kibuyu cha mbegu kwanza. Nilisikia nafaka inavyoingia, nikasikia inavyokoma. Halafu nikasikia mkono wake unapangusa ungo mtupu.

"Mkwe," akasema.

Nikadhani anasema na mwingine. Sikugeuka.

"Mkwe, geuka. Siku ile uliniona, nami nilikuona. Kuku wa kuosha aibu hayupo, hata yai hatuna. Kwa hiyo nakuambia mwenyewe."

Nikageuka. Veronika alikuwa ameinamisha kichwa. Mama mkwe alikuwa ameshika kibuyu mapajani, kimejaa mpaka shingoni, na kando yake hapakuwa na kitu kingine.

"Mbegu imetosha," akasema. "Mwambie rafiki yako kwamba pombe ya matanga ya baba yako wameshainywa ndege."

Akaweka kibuyu chini, akapandisha mikono kichwani, akaukaza upya ule ukanda wa gome ambao alikuwa auvue mwezi ule, akauvaa mwaka mwingine.